Tortilla za Ngano za Kupika Nyumbani

Tortilla nzuri ya ngano utaijua pale unapoikunja. Inakubali kukunjwa mara mbili bila kupasuka, inabeba maharage yenye mchuzi bila kuvuja, na hata ikipoa bado ni laini. Tortilla za dukani hupata sifa hiyo kwa kutiwa vihifadhi na vilainishi, kwa sababu zinatakiwa kukaa rafuni wiki kadhaa. Ya nyumbani inaipata kwa unga, mafuta, chumvi na maji ya moto, basi, mradi kila kimoja kitiwe kwa wakati wake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jiko la kawaida, liwe la gesi, la umeme au la mkaa. Kama umewahi kupika chapati, mikono yako inajua nusu ya kazi tayari. Nusu iliyobaki ni mambo manne:

- mafuta huingia kwenye unga mkavu kabla ya maji;
- maji huwa ya moto;
- madonge hupumzishwa muda wa kutosha;
- chuma huwa kikavu na chenye moto mkali, bila tone la mafuta.

Ukiyashika haya manne, mengine ni mazoezi ya mkono.

Zinakotoka, na kwa nini ujue

Mexico ni nchi ya mahindi. Tortilla ya kale kule ni ya mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa kisha yakasagwa, na ililiwa karne nyingi kabla Wahispania hawajaanza kuiteka nchi hiyo mwaka 1519. Ngano ilikuja na Wahispania hao, ikashika zaidi katika majimbo makavu ya kaskazini kama Sonora na Chihuahua. Huko tortilla ya ngano ikawa chakula cha kila siku, na kutoka huko ikaenea hadi Texas, Arizona na California.

Jikoni historia hiyo ina maana moja kubwa: hakuna tortilla moja tu ya ngano. Ya Sonora ni nyembamba sana, haina beking pauda, na ile kubwa kuliko zote hutandazwa mikononi mpaka upana wake unafunika mkono wa mpishi hadi juu ya kiwiko. Ya Texas mara nyingi ni ndogo, nene kidogo, na hutiwa beking pauda ili iwe na wepesi. Kipimo kilichomo humu ni cha tortilla nyembamba ya upana wa sentimita 20, inayotosha sahani ya kawaida na chuma cha chapati cha kawaida. Beking pauda ni hiari yako.

Mafuta ya asili kule ni ya nguruwe. Usipoyatumia, iwe kwa dini au kwa kupenda kwako, mafuta mgando ya mimea na samli hufanya kazi hiyo hiyo vizuri kabisa.

Elewa kwanza kinachotokea ndani ya donge

Unga wa ngano ukikutana na maji, protini zake hushikana na kufanya utando unaovutika uitwao gluteni. Utando huo ndio unaoshikilia mkate ukiumuka na ndio unaoifanya chapati ivutike ukiichana. Kwenye tortilla unautaka kwa kiasi. Ukiwa haba, tortilla inakatika. Ukizidi, inakuwa ngumu na inajirudi kila unapoisukuma. Hatua zote utakazozisoma hapa chini ni njia za kuutawala utando huo.

*Mafuta kabla ya maji.* Mafuta yakisuguliwa kwenye unga mkavu hufunika chembe zake. Maji yakija baadaye hayazifikii chembe zote kwa pamoja, na nyuzi za gluteni zinabaki fupi. Nyuzi zikiwa fupi, tortilla inakuwa laini. Ukitia mafuta baada ya maji, nyuzi ndefu zimekwisha kujifunga na huwezi tena kuzirudisha.

*Maji ya moto.* Huyalainisha mafuta mgando yakaenea, na huufanya wanga wa unga unywe maji vizuri, hivyo donge linakuwa laini bila kunata. Lakini yasiwe yanayochemka, kwa sababu yatauivisha unga kabla ya wakati na kuudhoofisha utando unaouhitaji. Nyuzi 50 hivi za Selsiasi zinatosha: kidole kinavumilia kwa muda mfupi, kisha kinataka kutoka.

*Kupumzisha.* Ukishakanda, nyuzi zinakuwa zimekaza. Ukiliacha donge limefunikwa, zinalegea zenyewe, na maji yanapata muda wa kufika kila mahali. Donge lililopumzika linasukumika kwa mkono mwepesi.

*Moto mkali juu ya chuma kikavu.* Tortilla nyembamba ina maji machache. Moto mkali huyageuza kuwa mvuke kwa ghafla, mvuke unaivimbisha, nayo inaiva na kutoka kabla haijakauka. Moto mdogo huikausha polepole, na ikipoa inavunjika. Ukitia mafuta kwenye chuma utakuwa unaikaanga, na hutapata ule ulaini unaokunjika.

KISANDUKU: Mazoea ya chapati ya kuyaacha kando

- Usipake mafuta juu ya donge lililosukumwa na kulikunja ili kupata tabaka. Tortilla haina tabaka za kukunja.
- Usitie mafuta kwenye chuma, hata kijiko kimoja.
- Usiikandamize kwa kijiko au kitambaa muda wote. Unaufukuza mvuke unaouhitaji.
- Usinyunyize unga mwingi kwenye kibao. Kwenye chapati mafuta huuficha, lakini kwenye chuma kikavu unaungua na kuacha uchungu.

KISANDUKU: Mahitaji ya tortilla 16

- Unga mweupe wa ngano: gramu 500 (karibu vikombe 4 vya kupimia vya mililita 250, vilivyojazwa kwa kijiko bila kushindilia)
- Mafuta mgando au samli: gramu 100 (karibu nusu kikombe)
- Chumvi laini: kijiko cha chai kimoja na nusu
- Maji ya moto: mililita 250, na akiba ya mililita 50
- Ukipenda: beking pauda, kijiko cha chai kimoja
- Unga wa kunyunyiza kibaoni: vijiko vya mezani viwili

Muda: dakika 20 za kuchanganya na kukanda, dakika 45 za kupumzisha, na dakika 35 hadi 40 za kusukuma na kupika.

Kuchagua unga

Chukua unga mweupe wa ngano wa matumizi yote, ule ule wa chapati na maandazi. Pakiti ikitaja protini, tafuta gramu 10 hadi 12 kwa kila gramu 100. Chini ya hapo tortilla itakatika, na juu ya hapo itakuhitaji uipumzishe zaidi.

Soma pakiti kwa makini kabla ya kununua. Baadhi ya unga huuzwa ukiwa umeshachanganywa na beking pauda kwa ajili ya keki. Huo haufai hapa, kwa sababu tortilla itaumuka, itakuwa nene na itabaki na ladha ya dawa.

Ukipenda unga wa ngano isiyokobolewa, anza na nusu yake na nusu ya unga mweupe. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya maji, kwa kuwa pumba hunywa maji mengi, na urefushe muda wa kupumzisha kwa dakika 15.

Hali ya hewa nayo ina neno. Unga uliokaa kwenye unyevu wa pwani huhitaji maji machache kidogo kuliko uliokaa sehemu kavu za bara. Ndiyo maana maji hutiwa kwa awamu badala ya kumiminwa yote kwa pamoja.

Kuchagua mafuta

- *Mafuta mgando ya mimea:* rahisi kupatikana, hayana harufu, na ndiyo ya kuanzia kwa anayejifunza.
- *Samli:* hutoa harufu nzuri. Itumie ikiwa imeganda au nusu kuganda. Iliyoyeyuka kabisa iweke kwanza kwenye friji.
- *Siagi:* ina maji ndani yake, kwa hiyo punguza maji ya kukandia kwa kijiko kimoja cha mezani. Kama siagi ina chumvi, punguza chumvi pia.
- *Mafuta ya maji ya kupikia:* yanawezekana kwa kiasi cha mililita 80. Tortilla itakunjika lakini itavutika zaidi mdomoni.

Vyombo

Nchini Mexico tortilla hupikwa juu ya comal, bamba bapa la chuma au la udongo lisilo na kingo ndefu. Chuma cha chapati ni mbadala wake kamili. Kikaango kizito cha chuma pia kinafaa. Sufuria nyembamba ya alumini haifai, kwa sababu inaunguza mahali pamoja na kuacha pengine pabichi.

Utahitaji pia kibao na mpini wa kusukumia, bakuli pana, sinia, na vitambaa viwili vya pamba vilivyo safi na visivyo na harufu ya sabuni. Andaa vilevile hotipoti au sufuria yenye kifuniko. Mizani ikiwepo itakusaidia kugawa madonge yaliyo sawa.

ONYO

- Usitumie kikaango chenye utando wa kuzuia kunata kwa moto mkali kikiwa kitupu. Utando huo ukipata joto la kupita kiasi hutoa moshi wenye madhara.
- Ukitumia mkaa, pika nje au mahali penye madirisha na milango wazi. Moshi wa mkaa una gesi ya sumu isiyo na harufu.
- Tortilla iliyovimba imejaa mvuke wa moto. Usiitoboe kwa vidole, na usimruhusu mtoto aishike ikitoka jikoni.
- Usionje unga mbichi wala donge bichi.

Hatua kwa hatua

*Sehemu ya kwanza: donge*

1. Chekecha unga kwenye bakuli pana, tia chumvi na beking pauda kama unaitumia, kisha uchanganye kwa mkono.

2. Tia mafuta mgando yakiwa yamekatwa vipande vidogo. Sugua kwa ncha za vidole na dole gumba, ukiuinua unga na kuuachia udondoke tena bakulini. Endelea kwa dakika tatu hadi tano. Mwanzoni utaona mabonge ya mafuta yaliyovaa unga. Taratibu yatapotea, rangi itatoka kwenye weupe mkali na kuelekea kwenye umanjano hafifu, na unga hautarusha vumbi tena.

3. Fanya jaribio la ngumi. Fumbata unga kiasi mkononi, kisha fungua kiganja. Ukishika umbo na kubaki na alama za vidole, halafu ukavunjika ulipougusa, mafuta yameingia. Ukimomonyoka kabla hujaugusa, endelea kusugua.

4. Fanya shimo katikati. Mimina robo tatu ya maji ya moto ukikoroga kwa mwiko. Ongeza yaliyobaki kidogo kidogo mpaka kusiwe na unga mkavu chini ya bakuli. Maji ya akiba yatumie tu ikiwa bado unaona unga mkavu.

5. Donge likipoa kiasi cha mkono kuvumilia, lihamishie kwenye kibao kisicho na unga. Kanda kwa dakika tano hadi saba: sukuma kwa kitako cha kiganja, kunja, geuza robo, rudia. Mwanzoni litakuwa na mabaka na litashika vidole. Usikimbilie kuongeza unga. Baada ya dakika chache litaacha kunata na uso wake utalainika. Libonyeze kwa vidole viwili: likiwa laini kama ndewe ya sikio, limekuwa tayari.

6. Lirudishe bakulini, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na uliache dakika 15.

*Sehemu ya pili: madonge madogo*

7. Ligawe donge katikati, kisha kila nusu katikati tena, na uendelee hivyo hadi upate madonge 16. Kwa mizani, kila moja ni kama gramu 53. Ukitaka tortilla kubwa za burrito, yaani za kuviringishia vijazo ndani, gawa madonge 12.

8. Chukua donge moja, vuta kingo zake na uzikusanye upande wa chini, kisha lizungushe kwenye kibao chini ya kiganja mpaka uso wake uwe laini na usio na ufa. Libonyeze liwe bapa kidogo. Donge lenye nyufa pembeni hutoa tortilla yenye kingo zilizochanika.

9. Yapange kwenye sinia yasigusane, yafunike vizuri na uyaache dakika 30. Usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Wengi wanaolalamika kwamba tortilla zao zinajirudi kibaoni wameiruka.

*Sehemu ya tatu: kusukuma*

10. Weka chuma jikoni kabla hujaanza kusukuma, kwa moto wa wastani kuelekea mkali, kwa dakika tano au zaidi. Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yafunikwe na majivu meupe, kisha yatandaze yawe sawa.

11. Nyunyiza unga kiasi cha ncha ya kijiko kwenye kibao. Chukua donge moja tu, mengine yabaki yamefunikwa.

12. Weka mpini katikati ya donge. Sukuma kwenda juu, rudi katikati, sukuma kwenda chini. Simama kabla mpini haujapita ukingo, la sivyo kingo zitakuwa nyembamba kuliko katikati. Zungusha donge robo, urudie. Ukizungusha kila baada ya msukumo, mduara unakuja wenyewe.

13. Endelea mpaka upate upana wa sentimita 20 na unene wa milimita moja na nusu hivi. Iinue dhidi ya mwanga: unapaswa kuona kivuli cha vidole vyako. Sehemu iliyo nyeusi zaidi ndiyo nene, irudie.

14. Ikijirudi, usishindane nayo. Iweke kando, sukuma nyingine, uirudie baada ya dakika tano.

15. Ipukute unga wa ziada kwa kuirusha kutoka kiganja hiki hadi kile.

*Sehemu ya nne: kupika*

16. Pima moto. Dondoshea chuma matone mawili ya maji. Yakirukaruka na kukauka ndani ya sekunde moja au mbili, chuma kiko tayari. Yakitulia na kuchemka polepole, subiri.

17. Laza tortilla taratibu, kuanzia ukingo ulio karibu nawe kuelekea mbele, isikunjamane. Usiiguse. Ndani ya sekunde chache uso wa juu unapoteza ubichi na kuwa mweupe, na malengelenge madogo yanaanza kuinuka. Kwenye sekunde 30 hadi 40, inua ukingo uchungulie. Ukiona mabaka ya kahawia yaliyotawanyika, geuza.

18. Upande wa pili uache sekunde 20 hadi 30. Hapa ndipo huanza kuvimba. Lengelenge likiwa kubwa kuliko kiganja, liguse kwa mwiko kidogo tu ili mvuke usambae pembeni.

19. Geuza mara ya mwisho kwa sekunde 10. Muda wote kwa tortilla moja usizidi dakika moja na nusu. Ikitoka inapaswa kuwa na mabaka ya kahawia juu ya weupe. Ikiwa ya kahawia kote, imepitiliza.

20. Iweke mara moja ndani ya kitambaa ulichotandika kwenye hotipoti au sufuria, ikunje ndani yake na ufunike. Kila inayofuata iweke juu ya mwenzake.

21. Futa chuma kwa kitambaa kikavu kila baada ya tortilla mbili au tatu, ili unga uliodondoka usiungue. Shika kitambaa kwa koleo kama chuma hakina kishikio.

22. Zote zikiisha, ziache ndani ya kitambaa dakika 10 kabla ya kula. Mvuke wa zile za juu na za chini husambaa na kuzilainisha zote. Tortilla inayoonekana kavu ikitoka jikoni hulainika humo.

Tortilla ya kwanza itumie kurekebisha moto. Ikipata madoa meusi kabla ya sekunde 15, punguza. Ikifika sekunde 40 bila lengelenge hata moja, ongeza. Kwa jiko la mkaa, uwe na tortilla tatu au nne zilizokwisha kusukumwa na kutenganishwa kwa kitambaa, ili usipoteze moto ukisukuma. Mkiwa wawili, mmoja asukume na mwingine apike, na kazi itakwisha upesi.

Makosa ya kawaida na dawa yake

*Inapasuka ukiikunja.* Moto ulikuwa mdogo, imekaa jikoni muda mrefu, au haikufunikwa ilipotoka. Ongeza moto, punguza muda. Kama zote zimepasuka tangu ya kwanza, donge lilikuwa kavu: safari ijayo ongeza maji vijiko viwili.

*Inajirudi kibaoni.* Haijapumzika vya kutosha, au unga wako una protini nyingi. Funika madonge dakika 15 nyingine.

*Inanata kwenye kibao na mpini.* Maji yamezidi. Nyunyiza unga kidogo kila upande unaposukuma, na uupukute wote kabla ya kupika. Usikande unga mpya ndani ya donge lililokwisha kupumzika.

*Haivimbi.* Chuma hakijapata moto, au tortilla ina unene usio sawa, au imetoboka. Isipovimba bado inalika vizuri, mradi imepata mabaka pande zote mbili.

*Ina uchungu.* Unga umeungua kwenye chuma. Futa chuma, na upunguze unga wa kibaoni.

*Ni nene na inamomonyoka kama mkate.* Hukusukuma vya kutosha, au beking pauda ilizidi. Jaribu bila beking pauda kabisa.

*Imelowa chini.* Uliiweka kwenye hotipoti bila kitambaa, na mvuke ukageuka matone. Kitambaa kinaunywa mvuke huo. Kikilowa sana, tumia cha pili.

Kuhifadhi na kupasha moto

Tortilla hizi hazina kihifadhi. Kwenye joto la pwani ziliwe siku hiyo hiyo au ziingie kwenye friji. Ziache zipoe kabisa ndani ya kitambaa, kisha zitie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ukizifunga zikiwa na moto, maji yatatengenezwa ndani na ukungu utafuata.

- *Friji:* siku nne au tano.
- *Friza:* hadi miezi miwili, zikitenganishwa kwa karatasi ya kuokea ili uchukue moja moja.
- *Madonge mabichi:* yapake mafuta kidogo, yafunike, yaweke kwenye friji hadi kesho yake. Yatoe nusu saa kabla ya kusukuma, yapoteze baridi.

Kupasha moto, tumia chuma kikavu, sekunde 15 kila upande, kisha urudishe kwenye kitambaa. Kwa maikrowevu, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu na uziweke sekunde 20 hadi 30.

Za kula na nini

Sonora ni nchi ya ng'ombe, na tortilla yake ya ngano inakwenda na nyama ya kuchoma iliyokatwa vipande vidogo. Juu yake huwekwa nyanya, vitunguu, pilipili na majani ya giligilani vilivyokamuliwa ndimu. Ukisoma orodha hiyo utaona kwamba ni nyama choma na kachumbari, kwa hiyo mboga yako ya Jumapili inafaa kama ilivyo.

- *Maharage ya kuponda:* kaanga kitunguu, tia maharage yaliyochemshwa, yaponde humo humo na mchuzi wake kidogo mpaka yawe mazito. Yakiwa na mchuzi mwingi yatailowesha tortilla.
- *Mayai:* kaanga mayai na nyanya na kitunguu, weka katikati, viringisha. Aliyekula rolex ya Uganda, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ataizoea mara moja.
- *Jibini:* tandaza jibini linaloyeyuka kwenye nusu ya tortilla, kunja, pasha kwenye chuma kikavu hadi jibini liyeyuke.

Kufunga burrito isimwagike, pasha tortilla kwanza, kwani ikiwa baridi hupasuka. Weka vijazo katikati, visizidi theluthi moja ya upana. Kunja kingo za kushoto na kulia ziingie ndani, kisha kunja ukingo wa karibu nawe juu ya vijazo, ubane, na uviringishe kwenda mbele. Ilaze upande wa mkunjo ukiwa chini.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA HUJAANZA

- Unga hauna beking pauda ndani yake.
- Mafuta yameganda na yamepimwa.
- Maji ni ya moto lakini hayachemki.
- Una saa moja na dakika 45 zisizo na pilikapilika.
- Vitambaa viwili vikavu vimeandaliwa, na hotipoti iko karibu.
- Chuma ni safi, kikavu, na hakina mafuta ya chapati za jana.
- Vijazo vimeiva au viko njiani, maana tortilla ni tamu zaidi zikitoka tu.

Mara ya kwanza fuata vipimo kama vilivyo, usibadilishe kitu. Ukimaliza, andika kwenye pakiti ya unga kiasi cha maji ulichotumia na jinsi donge lilivyokuwa. Mara ya pili badilisha jambo moja tu: maji, au mafuta, au muda wa kupumzisha. Ukibadilisha matatu kwa pamoja, hutajua lililokusaidia. Unga wa duka lako, maji ya bomba lako na moto wa jiko lako vina tabia zao, na kipimo utakachokiandika wewe kitakufaa kuliko cha mwongozo wowote, huu ukiwemo.